Ubao wa ujumbe wa kompyuta: chombo cha zamani kinachofanya kazi hata rezo ikikata

Wasikilizaji wetu wa Masisi na Walikale wanajua daftari la matangazo linalokaa kwenye mlango wa redio. Mtu anafika, anaandika: mtoto amepotea njiani akitoka Nyabiondo, mbuzi ameonekana, mkutano wa wazazi umesogezwa siku mbili. Jioni tunasoma. Aliyekosa kusikiliza saa ile, amekosa. Na siku antena ya simu inazimika, juu ya mazuti kuisha ao juu ya vita, daftari lile njo linabaki njia ya pekee kwa watu wengi.

Kabla intaneti haijafika kwa watu wa kawaida, kulikuwa chombo cha kompyuta kilichofanya kazi karibu sawa na daftari hilo. Kifupi chake ni BBS. Kwa Kiswahili tuseme ubao wa ujumbe. Leo kuna watu duniani wanaowasha tena mbao hizo kwenye kompyuta za sasa, wengi wao kwa kukumbuka ujana. Kwetu sababu iko ingine. Chombo hiki kilitengenezwa kwa watu wenye laini mbaya, na laini mbaya sisi tunaijua.

Kilivyoanza

Mwezi wa kwanza 1978, theluji nyingi ilifunga mji wa Chicago, Marekani. Watu wawili wa chama cha wapenda kompyuta, Ward Christensen na Randy Suess, walikuwa wamekwama nyumbani. Chama chao kilikuwa na ubao wa kawaida ukutani ambapo wanachama walibandika vikaratasi: nauza hiki, natafuta kile, tukutane siku fulani. Wakajiuliza kwa nini ubao huo usiwekwe ndani ya kompyuta, mtu aufikie kwa simu ya nyumbani. Suess aliunganisha vyombo, Christensen aliandika programu. Tarehe 16 mwezi wa pili 1978 ubao wao ulifunguliwa, ukaitwa CBBS.

Ulikuwa na laini moja tu. Ni kusema mtu mmoja akiwa ndani, wengine wanakuta simu iko na mtu, wanangoja. Kifaa kinachogeuza herufi kuwa sauti ya kupita kwenye waya wa simu kinaitwa modemu, na za wakati ule zilipitisha kama herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika moja. Unasoma polepole, kama maandishi yanaandikwa mbele ya macho yako. Hata hivyo, kabla ya kufungwa, ubao ule ulikuwa umepokea simu zaidi ya 250,000.

Ndani kulikuwa nini? Sehemu ya ujumbe wa watu wote, sehemu ya barua ya mtu kwa mtu, mara ingine sanduku la programu za kuchukua, baadaye na michezo. Mwenye ubao alikuwa mtu binafsi, kompyuta iko chumbani mwake, umeme analipa yeye. Shikeni hilo la mwenye ubao, tutalirudilia mbele.

Barua zinazosafiri usiku

Kasoro ilikuwa hii: kila ubao ulikuwa peke yake, kama kijiji bila barabara. Mwaka 1984, Tom Jennings wa San Francisco alitengeneza mpango wa mbao kupigiana simu zenyewe usiku, saa ambapo simu ilikuwa bei ya chini. Aliuita FidoNet. Mchana watu wanaandika, ubao unaweka. Usiku saa iliyopangwa ikifika, ubao unafungwa kwa watu, unafunga barua zote katika mfuko mmoja uliobanwa, unapigia ubao jirani, unatoa na kupokea, unakata. Jirani naye anapeleka kwa jirani yake. Barua yako inafika kesho, ao kesho kutwa.

Angalieni vizuri kanuni hiyo: weka, ngoja, peleka nafasi ikipatikana. Hakuna mahali inapodai rezo iwe hai saa zote. Simu zetu za leo zinadai hivyo kila dakika, njo maana antena ikianguka tunabaki bubu palepale.

Katikati ya miaka ya 1990 FidoNet ilikuwa na mbao zaidi ya 30,000 duniani. Iligawa dunia kwa kanda, na Afrika ilipewa namba 5.

Nairobi, Kampala na setilaiti

Kanda namba 5 haikuwa ya jina tu. Nairobi, kituo cha mashirika ya mazingira kinachoitwa ELCI kiliendesha ubao wa Fido, na mashirika ya eneo hili yakautumia kupeleka barua pepe nje. Upande wa pili wa laini kulikuwa London, kwenye shirika GreenNet, ambako Karen Banks alisimamia mlango wa kupitisha barua za Fido za Afrika na nchi zingine kwenda mitandao mikubwa. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na ubao wake ulioitwa MUKLA, na Charles Musisi njo mmoja wa waliouendesha. Mradi mmoja, ESANET, uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Lusaka na Harare kwa njia hiyohiyo. Addis Ababa, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Afrika iliendesha ubao wa nchi nyingi.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini walipenda njia hii. Modemu ya kawaida ya wakati ule ilipitisha kama herufi 240 kwa sekunde. Barua ya ukurasa mmoja ni sekunde 8 ao 9. Ukizibana barua kwanza, unapeleka karibu mara mbili zaidi kwa muda uleule. Kupiga simu Nairobi mpaka London ilikuwa bei ya kuumiza, kwa hiyo kila sekunde ilihesabiwa. Na laini ikikatika katikati, kompyuta inapiga tena na kuendelea, hakuna mtu anayekesha.

Waganga nao walipata yao. Shirika SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari Bernard Lown, lilitumia setilaiti ndogo zinazopita juu yetu mara chache kwa siku. Kifaa cha kwanza kilirushwa mwaka 1990, setilaiti ya pili mwaka 1993. Setilaiti ikipita juu ya hospitali, inapokea barua. Ikifika mbele ya kituo kingine, inaziacha. Ni motari wa angani, tuseme hivyo. Mtandao wao, HealthNet, ulichanganya setilaiti hizo na mbao za Fido, na madaktari wa Uganda, Tanzania, Kenya na Zambia walipokea makala za utabibu kwa njia hiyo wakati maktaba zao hazikuwa na jarida jipya hata moja.

Kwetu ilikuwa foni

Zaire ya wakati ule haikuwa na laini za simu za kutegemea. Simu ya mkononi ya kwanza, Telecel ya Miko Rwayitare, ilianza Kinshasa mwaka 1986, na ilikuwa ya wakubwa na wenye pesa. Ubao unaotaka waya wa simu ungeshikilia wapi Masisi ao Walikale?

Kwetu kazi ile ilifanywa na foni, redio ya mawimbi mafupi. Misheni walikuwa nayo, wachuuzi walikuwa nayo, wenye ndege ndogo walikuwa nayo. Wakati ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo kuchukua kasiterite ya Bisie, mawasiliano ya namna hiyo njo yalikuwa uhai wa biashara. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fonisti alinieleza namna yake: saa za kusikiliza zimepangwa, kila kituo kina jina lake, unaandika ujumbe katika daftari, unatuma mtoto aende kuita mwenyewe. Kama hayuko, ujumbe unangoja katika daftari. Nilimwambia kwamba huo ni ubao wa ujumbe kabisa, ila bila kompyuta. Alicheka, akasema sisi vijana tunapenda kubatiza vitu ambavyo tayari viko na jina.

Na vyombo hivyo viwili vilikutana kweli. Miaka ya 1990, Bushnet ya Kampala ilipitisha barua pepe kwenye redio ya mawimbi mafupi kwa watu walio mbali na simu. Mashirika makubwa ya misaada pia yalikuwa na mitambo ya namna hiyo kwenye vituo vyao vya mbali. Hata leo shirika Rhizomatica limejenga mtambo unaoitwa HERMES kwa kanuni ileile, na umetumika katika pori la Amazon, nchi ya Ecuador: foni, kompyuta ndogo, na ujumbe unaosafiri kidogokidogo. Anayefikiri kwamba mawimbi mafupi ni mambo ya wazee, aangalie tena.

Namna ya kuuwasha leo

Programu za zamani za ubao ziliandikwa kwa kompyuta za DOS, zile za miaka ya 1980 na 1990. Kompyuta ya leo (wengi hapa tunasema ordinatere) haizielewi tena. Kwa hiyo tunatumia programu ya kuiga, ni kusema programu inayojifanya kuwa mashine ya zamani ndani ya mashine mpya. Inayojulikana zaidi ni DOSBox, ya bure, ilitoka mwaka 2002. Unaipa kabrasha moja la diski yako, yenyewe inaamini ile ni diski nzima ya kompyuta ya mwaka 1990.

Lakini ubao unataka modemu na simu, na wewe huna. Hapo kuna ujanja unaonifurahisha mimi sana. DOSBox inaweza pia kuiga modemu. Katika faili lake la mpangilio unaandika mstari serial1=modem listenport:5000, na kuanzia hapo, mtu akijiunga na kompyuta yako kwa njia inayoitwa Telnet, programu ya zamani inaona kwamba simu inalia. Inapokea. Inasalimu. Haijui kwamba hakuna simu, wala kwamba miaka zaidi ya 30 imepita.

Nilijaribu kwenye laptopu moja nzee ya studio. Ilinichukua siku tatu za jioni, na mengi niliyokosea yalikuwa ya upumbavu. Matatu nayasema, juu yatamkuta kila mtu.

La kwanza ni mwendo. Programu nyingi za zamani ziliandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal, na zikianza zinapima kasi ya mashine. Mashine ya leo iko na kasi mno, hesabu inaharibika, programu inaandika kosa namba 200 na kufa. Dawa yake ni kuiambia DOSBox ipunguze mwendo. Nilikaa saa nzima nikitafuta virusi, kumbe kompyuta ilikuwa tu nzima kupita kiasi.

La pili ni herufi. Mbao za zamani zilitumia orodha ya herufi ya IBM inayoitwa 437, ile yenye mistari na vibao vya kuchorea picha. Simu na kompyuta za leo zinatumia UTF-8. Hizi mbili hazipatani kwenye herufi zenye alama juu. Ukiandika « école » leo, kwenye ubao wa zamani linatoka ├⌐cole. Kiswahili chetu hakina alama hizo, kinapita bila shida yoyote. Kifaransa njo kinateseka. Katika nchi ambapo barua ya serikali ni lazima iwe ya Kifaransa, niliona hiyo kama kisasi kidogo cha kirafiki.

La tatu ni kubwa zaidi: umeme. Programu ya DOS inapongoja mtu abonyeze herufi, haipumziki; inazunguka ikiuliza, ikiuliza, ikiuliza. Ndani ya DOSBox mzunguko huo unachosha mashine nzima, feni inalia, batri inakwisha. Kwa mtu mwenye umeme wa ukuta ni kitu kidogo. Kwa mtu wa pano ya jua ni kosa.

Kwa sababu hiyo maoni yangu ni haya: DOSBox itumike kwa kujifunza na kuonyesha. Kama unataka ubao wa kazi, chukua programu ya ubao inayoendelea kutunzwa mpaka leo, mfano Synchronet, ambayo Rob Swindell aliianzisha tangu wakati wa DOS na sasa inaendeshwa kwenye Linux na Windows bila kuigwa. Ni ya bure. Ina sura ya zamani kwa anayeingia kwa Telnet, na pia mlango wa kivinjari cha kawaida kwa anayetumia simu. Inakaa vizuri ndani ya kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kiganja, inayokula kati ya wati 3 na 5 kwa kazi ndogo. Chukua wati 4: kwa siku nzima ni kama wati-saa 96. Batri ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600. Ukitumia nusu yake tu ili usiiue, una siku tatu bila jua.

Kompyuta hiyo inatoa Wi-Fi yake. Walio karibu, makumi ya mita hivi, wanajiunga kwa simu zao, wanasoma na kuandika. Hakuna mega inayokatwa, hakuna uniti, hakuna intaneti.

Kati ya mji na mji

Je, ubao wa Masisi-centre unaongea vipi na ule wa Walikale? Hapa mfuko wa FidoNet unarudi. Mfuko ule ni faili tu. Haujali kama umepita kwenye simu, foni, ao kle ya USB katika mfuko wa motari. Kle ya gigabaiti moja inabeba ujumbe 500,000 wa ukurasa mmoja mmoja, kabla hata ya kubanwa. Wamotari wanapita karibu kila siku ambapo barabara iko wazi. Fido ya zamani nayo ilingoja usiku.

Mtu atauliza: kama kle mbili zimepita njia mbili, moja kwa Kibua na ingine kwa Pinga, ujumbe si utafika mara mbili? Waliotengeneza waliliona hilo mapema. Kila ujumbe wa wote unabeba orodha ya mbao ambazo zimekwisha kuuona, na kila ujumbe una namba yake. Ubao ukipokea kitu unachokijua, unakitupa.

Jambo la kuogopa

Turudilie mwenye ubao. Katika mbao za zamani, mwenye kompyuta aliweza kusoma kila kitu, hata barua ya mtu kwa mtu. Hakuna kufuli. Telnet nayo inapitisha maneno wazi, na neno la siri pia. Chicago mwaka 1978 hasara yake ilikuwa aibu. Hapa kwetu, jina la mtu na mahali analala vinaweza kuwa hukumu.

Mbaya zaidi ni ile kle. Kwenye bariere wanapekua mifuko, na simu wanafungua. Ukiwa na kle yenye majina 200 ya wahami na vijiji walikokimbilia, umebeba nini? Motari atasema ni matangazo tu. Nani atamsadiki? Kuificha kwa neno la siri kunaweza kuharibu zaidi, juu atakayeishika atataka kujua kwa nini imefungwa.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu, ule unaotumiwa na familia zilizotenganishwa na vita, nao unasomwa: karatasi iko wazi, na wanaoandika wanajua tangu mwanzo kwamba ni habari za familia tu, si za vita wala siasa. Lakini Msalaba Mwekundu uko na miaka mingi ya kazi hiyo, na wabebaji wanajulikana pande zote. Kijana mwenye Raspberry Pi na nia njema hana kinga hiyo.

Hata habari inayoonekana safi iangaliwe. « Daraja limeanguka, magari hayapiti » ni msaada kwa mama wa soko. Kwa mwenye bunduki ni habari ya kijeshi. Katika redio tunajifunza kila siku kuchuja maneno kama hayo kabla ya kusoma; ubao unaoandikwa na kila mtu hauna mtu wa kuchuja, isipokuwa mwenye ubao akubali kukaa pale na kusoma yote. Hiyo ni kazi, na haina mshahara.

Ubao wetu wa majaribio una sehemu tatu kwa sasa. Ya bei za soko: maharagi, mihogo, mafuta ya ngazi, chizi ya Masisi. Ya shule: tarehe za mitihani, karo, walimu wanaotafutwa. Ya afya: siku za chanjo na za kupima watoto, bila jina la mgonjwa yeyote. Ukiingia unakuta onyo kwa Kiswahili, mstari wa kwanza kabisa: kila unachoandika hapa kitasomwa na mwingine.

Sehemu ya nne ndiyo watu wanaiomba zaidi, ile ya wanaotafutana. Mama mmoja amekuja mara mbili kuuliza juu ya mwana wake. Nimeiandaa, jina lake liko kwenye orodha, lakini mlango nimeufunga. Kwa sasa tunaendelea kumwelekeza kila mmoja kwa watu wa Msalaba Mwekundu, na tangazo lake tunalisoma jioni kama yeye mwenyewe akikubali, bila kutaja alipo.